Sina Kazi, Nauza Maandazi Tu

Januari ya mwaka jana, siku ya kuandikisha watoto darasa la kwanza, nilisimama kwenye foleni nyuma ya jirani yangu. Mwalimu aliyekuwa anajaza fomu alimuuliza jina, mtaa na namba ya simu, akafika kwenye mstari wa kazi ya mzazi. Jirani akajibu papo hapo: "Sina kazi, mwalimu. Nauza maandazi tu." Mwalimu akaandika "mama wa nyumbani", akashuka mstari unaofuata.

Mama wa nyumbani huyo huwa ameshawasha jiko saa kumi alfajiri. Mtaani kwetu Nkuhungu, jijini Dodoma, tunamwita Mama Maandazi. Ikifika saa kumi na mbili benchi lake limeshajaa vijana wa bodaboda, mafundi ujenzi wanaosubiri gari la kuwapeleka saiti, walimu, na makarani wa wizarani wanaokula wamesimama ili suruali zisichafuke. Mwezi wa sita na wa saba, upepo wa huku unapokuja na baridi na vumbi jekundu kwa pamoja, huegemeza bati kuukuu ubavuni mwa jiko. Nilidhani anajikinga baridi. "Upepo unakula mkaa," akaniambia, akilisogeza bati kwa mguu.

Nimekaa kwenye semina nyingi za ujasiriamali mjini hapa, zile za chai ya saa nne na bahasha ya nauli jioni, na swali huwa lilelile: biashara ndogo inaanza lini kuwa biashara kweli? Watoa mada wana majibu tayari kwenye skrini. TIN. Leseni ya halmashauri. Jina lililosajiliwa BRELA. Akaunti ya benki. Wapo pia wanaoongeza "ndoto kubwa", na hapo ndipo huwa nafungua simu. Wenyewe wanaosemwa wana namna yao ya kulikwepa swali. Husema "nina kibiashara changu", "kuna kamradi nakasukuma", "nabangaiza tu". Kile "ki" cha kibiashara kinafanya kazi kubwa. Kinamkinga mtu na mgambo, na shemeji anayetaka mkopo, hata na aibu ya siku kitakapokufa. Kitu ambacho hujawahi kukiita biashara hakiwezi kufilisika.

Jibu lililoniridhisha nililikuta kwenye daftari la Mama Maandazi.

Ni kaunta buku la jalada gumu, kurasa zake za mwanzo zimelowa mafuta hadi unaweza kusoma maandishi ya upande wa pili. Anaandika kwa penseli kwa sababu, anasema, peni haiandiki juu ya mafuta. Kila siku imepewa nusu ukurasa. Aliniruhusu kunakili Jumanne moja. Unga wa ngano kilo 4, shilingi 8,000. Sukari nusu kilo, 1,500. Mafuta lita moja, 5,000. Hamira, iliki na chumvi, 500. Mkaa, 2,500. Mifuko ya khaki, 500. Jumla 18,000. Siku hiyo yalitoka maandazi 120, moja shilingi 200, na chini ya mauzo kulikuwa na mistari miwili: "Wateja 114. Nyumbani 6."

"Mama, haya sita ya nyumbani ni ya nani?"

"Ya wanangu. Kila mmoja mawili kabla ya shule."

"Na unayalipia?"

"Sasa alipe nani, baba? Unga ni wa biashara."

Akafungua pindo la kanga, akatoa noti ya 1,000 na sarafu ya 200, akatumbukiza kwenye kopo la maziwa lililotobolewa kifuniko. Fedha za pindoni ni za nyumbani, za kopo ni za maandazi, na kati ya kiuno chake na lile kopo hakuna shilingi inayovuka bila kuandikwa. Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko aliyechapisha kitabu cha hesabu mjini Venice mwaka 1494, aliwashauri wafanyabiashara wa enzi zake wafungue hesabu ya peke yake ya matumizi ya nyumbani. Mama Maandazi hajamsikia mtawa huyo. Alifundishwa na hasara, na hasara hiyo nitaifikia.

Baada ya gharama, Jumanne ile ilibaki na 6,000. Mtu mwingine angeziita faida akaenda nazo sokoni. Yeye amezigawa mara tatu: 4,000 "mshahara wangu", 1,500 "unga ukipanda", na 500 "karai". Nikauliza karai linadai nini. Akaligeuza, akanionyesha kitako kilichoungua mpaka kikawa chembamba kama bati la soda. "Hili nalo linakula. Siku likitoboka halitaniuliza kama nina hela." Wahasibu wana neno lao la jambo hilo, uchakavu, na nimewahi kuona kampuni zenye magari ya bei mbaya ambazo hazikuwa zimewahi kulifikiria.

Basi nikachukua kikokotoo cha simu. Kwa siku 26 za kazi, mauzo ya 24,000 kwa siku yanafika 624,000 kwa mwezi, yaani 7,488,000 kwa mwaka. Nilirudia hesabu mara mbili, maana milioni saba na nusu kwa karai moja si kiasi unachokitegemea ukiwa umekaa kwenye benchi lenye mguu mmoja wa tofali.

Kwa sera, yeye ni biashara tangu mwaka 2003. Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka huo inahesabu kuwa biashara ndogo sana shughuli yoyote yenye mtu mmoja hadi wanne na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta biashara ndogo sana, ndogo na za kati zaidi ya milioni 3 nchini, na zaidi ya nusu zilikuwa za wanawake. Kwenye takwimu, Mama Maandazi ana kazi. Ni kwenye fomu ya shule tu ambako hana.

Upande wa kodi ndipo mambo yanaponoga. Desemba 2018, Rais John Magufuli alipogawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kimoja, walengwa walikuwa wale ambao mauzo yao hayazidi milioni 4 kwa mwaka. Milioni 4 ilisikika kama fedha za matajiri. Kwenye vijiwe nilivyopita wakati ule sikumkuta hata mmoja aliyeigawa kwa siku. Ukiigawa kwa miezi 12 na siku 26 za kazi, unapata kama shilingi 12,800 kwa siku. Muuza chipsi wa kawaida anaivuka kabla ya adhuhuri. Kumbe sehemu kubwa ya wanaojiita wabangaizaji walishavuka mstari huo siku nyingi, kimya kimya, karai likiwa mkononi.

Na sheria, kwa wale wenye muda wa kuisoma, ina kifungu kinachozungumzia daftari. Kwa viwango vilivyotumika mwaka 2022, mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 7 hadi milioni 11 asiye na kumbukumbu kamili alilipa 250,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu alilipa 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Kwa mauzo ya 7,488,000, hiyo ni shilingi 104,640. Tofauti ya wawili hao ni 145,360, ambayo kwa ngano ya shilingi 2,000 kwa kilo ni zaidi ya kilo 70. Sidai kwamba ofisa wa TRA atapokea penseli na madoa ya mafuta kama kumbukumbu kamili, anaweza kutaka risiti za unga na za mkaa, na mkaa wa mtaani huja na kila kitu isipokuwa risiti. Lakini hata sheria imetambua kwamba mwenye daftari na asiye nalo hawafanyi shughuli moja, japo wote wanakaanga. (Kama jirani yangu ana TIN au hana, msomaji, hilo ni lake na kopo lake.)

Nchi hii haijawahi kuwa na msimamo mmoja juu ya watu hawa. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi iliyotaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika. Wachuuzi wa Dar es Salaam wasioweza kuonyesha kazi hiyo walisombwa kama wazururaji na kupelekwa mashambani, huku katika vita dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka huohuo watu wakificha sukari na sabuni chini ya vitanda. Kuuza maandazi barabarani kungeweza kukuweka kwenye lori. Sokoine alifariki kwa ajali tarehe 12 Aprili 1984 pale Dakawa, mkoani Morogoro, akirejea Dar es Salaam kutoka kwenye Bunge hapa Dodoma, lakini mazoea ya kuuliza "wewe kazi yako nini?" kwa sauti ya mgambo yalibaki.

Miaka hiyohiyo mishahara ilikuwa haifiki hata katikati ya mwezi, na watumishi wa umma wenyewe wakaingia kwenye kile kilichoitwa miradi. Daktari alifuga kuku, mhasibu aliuza barafu, mke wa katibu mkuu alikuwa na cherehani nne sebuleni. Neno "mradi" lilifaa kwa sababu lilikuwa na harufu ya maendeleo, wakati "biashara" ilinuka ulanguzi. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipowaruhusu viongozi kuwa na vitega uchumi, aibu ikaanza kuondoka juu, kwa wakubwa. Huku chini ilichelewa. Mwaka 2004 ikaja MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, na mchumi wa Peru, Hernando de Soto, alialikwa pamoja na taasisi yake kutupima. Wakatuambia kwamba asilimia 98 ya biashara zetu ziko nje ya mfumo wa sheria. Ukiitazama vizuri namba hiyo, unaanza kujiuliza ni nani hasa aliye nje: asilimia 98 au mfumo.

Julai 2025 gurudumu likageuka kabisa. Serikali ilitoa amri kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uuzaji wa rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu na saluni. Miaka 42 baada ya Nguvu Kazi, shughuli zilizokuwa uzururaji zimekuwa mali ya taifa ya kulindiwa mpaka. Nilimsomea Mama Maandazi habari hiyo kwenye simu. Akauliza kama maandazi yamo. Nikamwambia hayakutajwa kwa jina. "Basi," akasema, akageuza yaliyokuwa yanaungua.

Mimi nami nilikuwa na mradi. Mwaka 2018, wakati wizara zilipokuwa zinamiminika kutoka Dar es Salaam kutimiza uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, kila mtu alisema Dodoma ina njaa ya kuku. Hawakukosea sana. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika wilaya ambayo sasa ni Jiji, na ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Nikanunua vifaranga 100 vya kuku wa nyama. Saba walikufa wiki ya kwanza kwa baridi. Chakula nilinunua kwa mshahara, na mshahara ulipochelewa nilikopa duka la pembejeo. Wiki ya sita wakawa tayari, na wenzangu kazini wakajiandikisha kwa furaha: huyu wanne, huyu sita, malipo mwisho wa mwezi. Tisa tuliwala sisi wenyewe, kwa hoja kwamba ni wa kwetu. Wawili walikwenda ukweni. Mmoja alichinjwa siku mkubwa wangu wa kazi alipopita kusalimia, na sina hakika kama huyo nimuite gharama ya matangazo. Madeni mengine yalilipwa, mengine yaligeuka utani wa korido.

Hadi leo siwezi kukuambia kama nilipata faida au hasara. Na hilo ndilo linalonisumbua kuliko hasara yenyewe. Nilikuwa na banda, nilikuwa na bidhaa, nilikuwa na wateja wanaonifuata hadi ofisini, hata kadi zenye namba ya simu nilichapisha. Nilipomsimulia jirani, hakucheka kama nilivyotarajia. Aliuliza neno moja: "Ulijilipa?"

Sikuwa nimejilipa. Nililishwa na kuku, kisha kuku wakalishwa na mshahara wangu, tukazungukana hivyo hadi banda likawa stoo.

Kama hujaelewa bado tofauti ninayoitafuta, nenda Msalato siku ya mnada, Jumamosi. Utamkuta mzee ametoka kijijini na beberu mmoja amefungwa kamba. Mbukwenyi, utamsalimu, na baada ya salamu ndefu atakueleza: ada ya mjukuu, au bati limeng'oka. Beberu atauzwa kabla jua halijapinda, kwa bei itakayotajwa na mnunuzi. Hatua chache mbele kuna kijana wa koti refu na fimbo aliyemnunua beberu huyohuyo, na saa tisa alasiri atakuwa bado amesimama naye, akikataa bei ya kwanza na ya pili. Mzee anauza kwa sababu shida imefika. Kijana anauza bei ikifika. Beberu ni mmoja, soko moja, hata vumbi walilomeza ni moja, ila biashara pale ni ya mmoja.

Haimaanishi kwamba mzee hajui hesabu. Ugogo ni nchi ya mvua moja, inayokuja Desemba na kwisha Aprili, ikija. Waliotangulia waliiona Mtunya, njaa kuu iliyoanza mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, baada ya majeshi ya pande zote kubeba ng'ombe na nafaka. Mtu aliyerithi kumbukumbu ya namna hiyo hafugi ili azungushe mtaji. Anafuga ili mwaka mbaya usimkute mikono mitupu, na kwa kazi hiyo beberu ni mzuri kuliko akaunti ya benki, maana anazaliana bila makato ya mwezi. Semina zetu humwita mzee huyu "mfugaji asiye na mtazamo wa kibiashara", kana kwamba ni ugonjwa wa macho. Ana mtazamo wake, sema si wa biashara, na hakuwahi kusema ni wa biashara.

Wanaosema ni wa biashara wakati si hivyo ni wengine. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, baada ya malalamiko ya muda mrefu na ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, kutaja fedha zilizokwenda kwa vikundi visivyoonekana tena, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Mtaani vinaitwa vikundi hewa. Ukivitazama kwenye jalada utapenda: katiba ipo, muhuri upo, mwenyekiti, katibu, mhazini, muhtasari wa kikao, picha ya pamoja mbele ya mashine ya kufyatulia matofali ambayo si yao. Kila ambacho semina ingesema Mama Maandazi hana, kikundi hewa kinacho. Matofali tu ndiyo hayapo. Wenye umri wangu wanaikumbuka pia DECI, kampuni ya upatu iliyofungwa na Serikali mwaka 2009. Ofisi zilikuwepo, foleni zilikuwepo, na watu "walipanda mbegu" wakingoja kuvuna, lakini hakukuwa na kitu kilichokuwa kinauzwa. Aliyekuja leo alimlipa aliyekuja juzi.

Hapo mtu anaweza kunishika: basi karatasi hazina maana? Zina maana, tena kubwa, ila tuzipe kazi yake. Chukua wanaokamua zabibu. Hombolo na Mpunguzi zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mwenye viwanda vikubwa asipopita kwa wakati, tunda linaozea mzabibuni. Wapo waliokataa kumsubiri, wakaanza kutengeneza mvinyo na juisi wenyewe, kwa mapipa na nguo ya kuchujia. Mvinyo huo unaweza kuwa mtamu na hesabu yake ikawa safi kama ya jirani yangu, lakini bila alama ya ubora ya TBS utauzwa uani, kwa anayemjua mtengenezaji. Mzalishaji mdogo hupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, kupata barua ya kumtambulisha TBS. Barua hiyo haimgeuzi kuwa mfanyabiashara. Inamfungulia mlango wa mteja asiyemfahamu, na biashara ambayo wateja wake wote ni watu wanaokufahamu ina dari fupi, kama nilivyojifunza kwa kuku wa mwisho wa mwezi.

Narudi kwenye hasara niliyoahidi. Daftari la sasa ni la biashara yake ya pili. Ya kwanza haikuwa na daftari. Mama Maandazi alianza na vitumbua, kopo na pindo la kanga vikiwa kitu kimoja, na mtaji wa 60,000 aliokuwa amepewa na kaka yake. Vilitembea vizuri miezi minane. Kisha mtoto wa pili akaugua, akalazwa, na kila siku ya wodini ilichota kwenye mchele na mafuta hadi asubuhi moja hakuwa na cha kuloweka. Akaingia kausha damu, ile mikopo ya marejesho ya kila wiki ambayo mkopeshaji huja na wenzake watatu na kukaa kwenye benchi lako bila kuagiza kitu. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wawe na leseni, na wapo wenye leseni wanaofuata masharti. Huyu hakuwa mmoja wao. Alichukua godoro na sufuria mbili.

Nikamwambia pole kwa kula mtaji, kwa sauti ile tunayoitumia watu wa semina, kama vile kula mtaji ni tabia mbaya. Akanikatiza. "Baba, mtaji niliula, mtoto akapona. Hiyo siyo hasara. Hasara ni lile godoro." Kisha akaeleza kilichomuuma: kwa kuwa hakuwa na hesabu, hakujua siku ile wodini kama alikuwa anachota faida ya miezi minane, ambayo ingekuwa halali yake kabisa, au anakata mguu wa kitu kilichokuwa kinamlisha. Pengine faida ilitosha. Pengine kausha damu hakuhitajika. Kopo lingemwambia.

Nimelifikiria sana jibu hilo, kwa sababu linapindua mafundisho ya kawaida. Tunasema tenga fedha za biashara ili nyumba isiile biashara. Yeye alizitenga ili nyumba ijue inaweza kula kiasi gani, na siku mbaya ikija ile bila woga mpaka pale inapoishia. Karai si adui wa watoto. Ni mtu mwingine pale nyumbani mwenye haki zake, anayelipwa 500 kwa siku.

Mwezi uliopita alifiwa na mama yake mdogo, akaenda Mvumi siku tatu. Binti yake mkubwa, aliyemaliza kidato cha nne na alikuwa akingoja matokeo, akashika jiko. Maandazi yalikuwa magumu kidogo siku ya kwanza, nasema kama mteja, lakini kufikia ya tatu hakuna aliyelalamika. Bati lilikuwa mahali pake, upande wa upepo.

Jioni aliyorudi nilikuwa pale kutoa pole. Alikaa kwenye benchi bado na kanga za msiba, akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye kurasa tatu za mwandiko mgeni, nadhifu, wa peni. Hakuuliza yaliuzwa mangapi. Alifika mwisho wa ukurasa wa tatu, akanyanyua macho.

"Umejilipa?"

Binti akacheka, akasema mama naye, hela si ni zetu zote. Mama Maandazi akashusha kopo kutoka juu ya kabati, akahesabu 12,000, akamwekea mkononi. Kisha akatafuta penseli na kuandika chini ya siku zile tatu: binti 12,000, mimi 0.